Mshtakiwa na Jibu Lake: Kutoka Carthage hadi Isiolo

Swali linalozuka kila mara katika fasihi ya mashahidi wa imani ni hili: je, mahakama isiyo ya haki ina thamani yoyote ya kimaadili kwa yule anayehukumiwa? Jibu la haraka ni kwamba haina. Matini zenyewe, hata hivyo, zinadai tafakuri zaidi.

Mnamo tarehe 17 Julai mwaka wa 180, Speratus na Wakristo wenzake wa Scilli walisimamishwa mbele ya liwali Saturninus mjini Carthage. Walipewa siku 30 za kutafakari, wakazikataa, wakauawa. Kilichosalia ni kumbukumbu fupi iliyojengwa kwa swali na jibu. Katika muundo huo, dola inalazimika kumwuliza mshtakiwa. Na ikishamwuliza, haina tena mamlaka juu ya jibu lake.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Simon Kimbangu katika Kongo ya Wabelgiji. Tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu kifo, naye hakuwa na wakili. Mfalme Albert wa Kwanza aliigeuza adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu, aliyekuwa amehubiri kwa miezi michache tu, alifia kifungoni Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1951. Hukumu iliyokusudiwa kumnyamazisha ndiyo inayowashtaki leo walioitoa.

Isiolo inadhihirisha upande wa pili wa hoja hii. Mji huo ulikuwa makao ya utawala wa kikoloni wa Kaskazini mwa Kenya, ambako sheria ya wilaya maalumu ya mwaka wa 1934 iliruhusu jamii nzima kutangazwa kuwa adui, watu wake wakamatwe na mifugo yao itwaliwe. Pale jamii nzima inapotiwa hatiani, hapana mshtakiwa mwenye jina; pasipo mshtakiwa, hapana anayeulizwa; na pasipo swali, hapana jibu la kuandikwa.

Hoja hii haimtakasi hakimu dhalimu. Speratus aliuawa, na Kimbangu alifungwa miaka 30. Inachodai ni kwamba kumwuliza mtu, hata kwa nia mbaya, ni kukiri kuwa yeye ni mtu awezaye kujibu. Kuadhibu bila kuuliza ni kumnyima hata ukiri huo. Kwa hiyo, mhakiki anayeitafuta kauli ya Kaskazini hataipata katika majalada ya mahakama pekee. Hana budi kuziendea simulizi na nyimbo za wafugaji, kwani huko ndiko lilikohifadhiwa jibu ambalo hakuna hakimu aliyeliomba.