Kicheko cha Mzee Ojwang ni Deni

Mtu wa Mombasa ana sikio kali. Kikimfikia Kiswahili cha bara, huanza kusahihisha kabla hajasikiliza. Basi Mzee Ojwang wa vichekesho vya televisheni alitutekaje? Nyumba moja ya mtaa wa Kibokoni, dirisha wazi, televisheni juu ya kabati. Kina mama wamejaa sebuleni, wazee wako nje barazani wakifuata maneno kwa masikio tu, dele la kahawa likizunguka. Lafudhi ya Ojwang ilikuwa ya Kisumu, mbali kabisa na Kimvita, na hakuna aliyemsahihisha. Mtu alicheka hadi kikombe kikamponyoka.

Jina lake hasa lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Wengi waliapa kuwa ni Mjaluo wa kuzaliwa. Mary Khavere, aliyeigiza Mama Kayai, mke wa Ojwang kwenye kipindi, hakuwa mke wa Wanjau, ila watazamaji hawakutaka kusikia hilo. Vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwapa umaarufu tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo la utangazaji halijawa KBC mwaka 1989.

Kuigiza lafudhi ya kabila la mwenzako huteleza haraka kukawa kejeli, hasa nchini mwetu, ambako kabila limewahi kumwaga damu. Wanjau alimpa Ojwang ujanja, wivu, aibu na mapenzi kwa mkewe, akawa mtu kamili. Tulicheka alichofanya, wala si alikotoka. Kwangu huo ni ustadi mkubwa kuliko mizaha yote aliyoitoa.

Nasi tulimlipa nini? Macho yalipomsumbua uzeeni, Wakenya walichangishana fedha ili atibiwe. Nashukuru kwa moyo huo. Lakini mtu aliyewachekesha mamilioni kwa miongo mitatu hakupaswa kungoja mchango. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78.

Kwingine wanafanyaje? Waingereza, ambao kichekesho chao Mind Your Language cha mwaka 1977 tulikitazama kwenye runinga hizo hizo, wana chama cha waigizaji, Equity, kilichoundwa mwaka 1930. Kimepigania mwigizaji alipwe kipindi chake kinaporudiwa. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za mwigizaji, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inaitaka serikali ikuze haki za mali ya ubunifu. Maandishi tunayo. Malipo ndiyo ninayoyauliza, kwa sababu vichekesho vile bado vinatazamwa, kwenye runinga na kwenye simu za vijana wa mtaa wa Bondeni ambao hawakuwa wamezaliwa vilipoanza.

Kwa hiyo naomba hili bila kuzunguka: kituo chochote kinachorudia kazi hizi kiseme wazi kinamlipa nani na kiasi gani, na jamaa za waliotangulia wawe kwenye orodha hiyo pamoja na walio hai.