Kati ya Kusafisha na Kufuta

Falsafa ya Waswahili kuhusu picha imejificha ndani ya vitenzi. Picha hupigwa, kisha husafishwa, mwishowe hutoka, vizuri au vibaya. Mwanga ukipenya kwenye kamera kabla ya wakati wake, mkanda huungua. Neno kusafisha ndilo la kutafakari. Linadokeza kwamba sura ilikwishakuwepo, imefunikwa tu, ikisubiri wa kuitakasa. Lakini ni nani anayeamua kipi ni sura na kipi ni uchafu?

Swali hilo lina uzito wa pekee Majimoto, mji mdogo wa Mpimbwe mkoani Katavi, uliopata jina lake kutokana na chemchemi zake za maji ya moto. Enzi za mikanda, mpiga picha wa kuzungukazunguka alipiga, akapokea kianzio, akaondoka kwenda kusafishia mjini. Mteja alibaki na ahadi. Kwa gharama hiyo hakuna aliyefanya mzaha: nguo ya sikukuu ilitolewa sandukuni, mikono ikanyooshwa mapajani, uso ukakazwa kama wa askari kwenye gwaride. Jembe lilibaki nyuma ya nyumba. Tope la shamba la mpunga lilioshwa miguuni. Mjukuu anayeiangalia picha hiyo leo anadhani anaona maisha ya kila siku ya babu yake, kumbe anaona siku moja ambayo babu alikataa kuwa wa kila siku.

Hilo si geni Afrika. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, katika Mali ya leo, mwaka 1948, akatundika shuka la kitandani kwake liwe pazia la nyuma. Wateja waliazima kwake saa, redio, hata pikipiki. Je, walidanganya? Jibu la haraka ni ndiyo, na si jibu zuri. Mtu aliyeazima saa ili apigwe nayo picha hakusema "ninayo", alisema "nastahili". Matamanio nayo ni sehemu ya historia, na hakuna daftari la mkuu wa wilaya lililoyaandika.

Mapema miaka ya 1960 serikali ya Mali huru ilimchukua Keïta awe mpiga picha wake. Ungedhani kazi hiyo, ya viongozi na sherehe za taifa, ndiyo ingemjengea jina. Sivyo. Dunia inamkumbuka kwa akina mama waliokaa mbele ya shuka. Na hata picha zao zilipofikishwa kwenye maonyesho New York mwaka 1991, ukutani mpiga picha alitajwa kuwa hajulikani, ilhali alikuwa hai Bamako.

Mali na Katavi zinaunganishwa na mtu mmoja. Adrien Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa na wamisionari wa White Fathers, akasomea uganga Malta, kisha akafika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika huko Katavi, mwishoni mwa miaka ya 1880. Alitibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Asiyeijua habari hiyo, akioneshwa picha ya Atiman uzeeni, ataona mzee wa misheni tu. Jangwa, soko la watumwa na bahari havipo. Kamera hunasa pale mtu aliposimama. Njia aliyopitia lazima isimuliwe, na msimulizi akifa, karatasi hubaki bubu.

Picha za siasa huonekana kusema zaidi, kwa kuwa zina maelezo chini yake. Chukua ile ya Muungano wa 1964, Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Mtoto wa shule Majimoto anaijua kama anavyojua bendera. Lakini wapo pia vijana wanne, wawili kutoka kila upande, walioshika vyombo, na katika nakala nyingi majina yao hayamo. Maelezo yamewasafisha hadi wakatoweka. Ukiziba sura ya Mwalimu kwa kidole gumba (jaribio dogo, halimvunjii heshima), picha inageuka: mikono ya vijana inayochunga chombo kisianguke, macho yanayofuata udongo. Siasa na maisha ya kila siku vimo ndani ya fremu moja. Maelezo ndiyo huchagua kimoja na kukiita historia.

Kwa hiyo mipaka tunayochora kati ya picha za taifa na picha za watu haimo ndani ya picha. Imo kwa mtazamaji, naye hubadilika. Waliokuwepo siku ile walimtazama kiongozi. Wajukuu wao watatazama viatu vya waliosimama nyuma.

Siku hizi hakuna wa kungoja mkanda. Simu inapiga, na picha imetoka papo hapo. Kitenzi kipya ni kufuta. Kusafisha kulitoa sura kwenye giza; kufuta kunairudisha, ingawa nyumbani kazi zote mbili hufanywa na tambara lilelile. Simu ikijaa, mwenyewe hukaa kivulini na kuanza kupunguza. Ile aliyosimama na mheshimiwa aliyekuja kuzindua kisima inabaki. Magunia ya mpunga yakipakiwa, ng'ombe wakivuka barabara, mtoto mwenye tope hadi magotini: hizo zinatangulia kwenda.