Madebe Mangapi?



Somo letu ni Yohana 2:1-11. Pamoja nalo someni nyumbani 2 Samweli 24 na Luka 16:1-13.

Katika nyumba nyingi ambamo pombe hupikwa pana mahali pa hesabu. Pengine ni mistari ya mkaa kwenye ukuta wa jiko, pengine ni chaki nyuma ya mlango, pengine ni daftari ambalo mtoto wa shule amekwisha kulitumia. Mpikaji akiulizwa, "Tangu mavuno umepika madebe mangapi?", hana haja ya kubahatisha. Anajua siku aliyolowesha mtama, siku aliyoanika kimea juani, siku uji ulipochachuka, na madebe yaliyotoka. Mwezi huu twapenda kuitafakari hesabu hiyo pamoja nanyi, kwa maana Bwana wetu alizoea kutwaa mambo ya jikoni, shambani na sokoni, na kuyafanya mlango wa kuingilia katika mambo ya Mungu.

Tusidhani kwamba desturi hii ni ya vijiji vyetu tu. Katika nchi ya Mesopotamia, yapata miaka 5000 iliyopita, watu waliandika juu ya vibao vya udongo hesabu za shayiri na pombe. Maana yake ni kwamba binadamu alipoanza tu kuandika, pombe ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza alivyoviandika.

Nchini Marekani vileo vilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1920. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1933, lakini kupika bia nyumbani hakukuhalalishwa na serikali ya taifa mpaka Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mpya mwezi Oktoba 1978. Sheria hiyo yamruhusu mtu mzima anayeishi peke yake kupika galoni 100 kwa mwaka bila kulipa kodi, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, yaani karibu lita 757. Tena ni za kunywa nyumbani, si za kuuza. Basi mpikaji wa huko ana sababu ya kuandika kila mapishi, kwa maana akivuka kiasi amevuka sheria.

Na Kanisa letu la Anglikana nalo lina historia yake. Huko Uingereza, katika karne ya 15 na ya 16, parokia nyingi zilipika pombe na kuiuza katika sikukuu, hasa wakati wa Pentekoste, ili zipate fedha za kutengeneza paa na kuwasaidia maskini. Wazee wa kanisa waliandika katika vitabu vyao kimea kilichonunuliwa na fedha zilizopatikana. Lakini ulevi na fujo vilifuata, na Kanuni za Kanisa za mwaka 1604 ziliwaagiza wazee hao wasiruhusu tena karamu za pombe kanisani wala katika uwanja wa kanisa. Vitabu vilionyesha faida. Havikuonyesha mambo yote.

Hapo ndipo lilipo neno letu la leo. Tuangalie mambo manne.

Kwanza, kuhesabu kwa uaminifu ni jambo jema.

Mtu asiyejua alichofanya hawezi kutoa hesabu ya uwakili wake. Yule wakili wa Luka 16 aliitwa atoe hesabu, akawaita wadeni wabadili hati zao: aliyedaiwa mia akaandika hamsini. Kalamu yaweza kusema uongo kama ulimi. Basi mpikaji anayeandika madebe kumi wakati yametoka kumi amefanya jambo ambalo matajiri wengine wenye maduka makubwa hawalifanyi. Na yule anayeongeza maji katika pombe, au anayeuza kwa kopo lililobonyezwa chini, asome Kumbukumbu la Torati 25:13-15, mahali Mungu anapokataza mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, katika mfuko mmoja.

Lugha yetu nayo yatufundisha. Twasema "kiasi gani?" tukiuliza wingi wa kitu. Na Mtume Paulo, anapotaja tunda la Roho katika Wagalatia 5, Biblia yetu hutumia neno hilo hilo: kiasi. Neno moja, mambo mawili. Mtu hawezi kuwa na kiasi ikiwa hajui ni kiasi gani.

Pili, hesabu yaweza kugeuka kuwa majivuno.

Mfalme Daudi aliwatuma watu wakahesabu mashujaa wa Israeli. Yoabu, ambaye hakuwa mtu wa dini nyingi, alimwuliza kwa nini anataka jambo hilo. Daudi hakusikia. Walizunguka nchi miezi tisa na siku ishirini, wakarudi na jumla kubwa. Na mara jumla ilipofika, moyo wa mfalme ulimchoma. Hesabu yenyewe haikuwa na makosa ya tarakimu. Kosa lilikuwa katika moyo uliotaka kuiona, ili useme, "Tazama nguvu zangu."

Twasikia maneno ya namna hiyo miongoni mwetu. "Mimi kwa mwaka natoa madebe mia." "Hakuna arusi katika kata hii iliyokosa pombe yangu." Na upande wa pili wanywaji husema, "Jana nilimaliza vibuyu vinne na nikarudi nyumbani kwa miguu yangu." Isaya 5:22 yawatazama kwa huzuni watu kama hao, mashujaa wa kunywa. Ushujaa gani huo, ambao mke wa shujaa huusikia mlangoni akaanza kuwaficha watoto?

Tatu, iko hesabu isiyoandikwa ukutani.

Hapa, ndugu zetu, tukae kidogo. Mistari ya mkaa yaonyesha madebe yaliyotoka. Haionyeshi yaliyoingia. Debe la mtama lililoloweshwa ili lifanywe kimea halitarudi ghalani. Mvua zikichelewa, mwezi wa kwanza na wa pili, nyumba ile ile iliyokuwa na pombe wakati wa mavuno yatembea na kikapu kuomba mkopo wa unga. Haionyeshi mizigo ya kuni iliyokwisha chini ya mapipa, wala ndoo za maji zilizochotwa na binti aliyepaswa kuwa darasani. Wala haionyeshi fedha ile imetoka mfukoni mwa nani. Senti iliyoingia katika nyumba ya mpikaji imetoka katika nyumba nyingine, na katika nyumba hiyo nyingine mara nyingi palikuwa na ada, au dawa, au kitenge cha mama, vilivyongoja senti hiyo hiyo. Habakuki 2:15 yatamka ole juu ya mtu ampaye jirani yake kileo. Mwenye kuuza asiseme, "Mimi nauza tu, kinywa ni chake."

Tena kuna jambo la ajabu: anayepika ana hesabu, lakini anayekunywa hana. Mwulize mama apikaye, atakwambia kila debe. Mwulize mzee anywaye, "Mwaka huu umekunywa kiasi gani, na kwa fedha ngapi?", atacheka. Laiti daftari lingehamia kwa mnywaji kwa mwezi mmoja! Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Basi asiyehesabu ajue anatembea gizani karibu na shimo.

Lakini tusemapo haya, tusiwe kama wale walioleta mwanamke mmoja mbele ya Yesu na kumwacha mwenzake. Ni rahisi kumkemea mama mjane apikaye pombe. Je, tumemwuliza kwa nini anapika? Wako akina mama ambao ada ya mtoto wa sekondari haikupata njia nyingine ila kupitia pipa. Shamba ni dogo, mume amelala kaburini au mjini, na bei ya mahindi huwa chini siku ambayo yeye anauza. Mama huyo hufika kanisani Jumapili akakaa kiti cha nyuma, akiona haya kuja mezani pa Bwana. Na mwanamume aliyelewa Jumamosi kwa pombe ya mama huyo huyo amekaa kiti cha mbele. Haki iko wapi hapo? Parokia inayomwambia mama, "Acha kupika," na isimwonyeshe mahali pa kupata ada, imemfungia mlango bila kumfungulia mwingine. Yakobo 2:15-16 yatuuliza neno hili waziwazi: yafaa nini kumwambia mwenye njaa aende na kushiba, bila kumpa kitu?

Nne, iko hesabu ya neema.

Rudini Kana ya Galilaya. Wengi wetu twajua habari hii tangu shule ya Jumapili, lakini pengine hatujaona kwamba Mtakatifu Yohana alitoa hesabu. Hakusema tu kwamba divai ilikuwa nyingi. Aliandika mabalasi sita, kila moja lenye nzio mbili au tatu. Nzio moja ni karibu lita 39. Kwa hiyo Bwana alitoa kati ya lita 468 na lita 702, yaani madebe yetu ya lita 20 kama ishirini na matatu hadi thelathini na matano. Haipungui sana kiasi ambacho sheria ya Marekani yaipa nyumba moja kwa mwaka mzima, nayo ilikuwa kwa arusi moja, katika mji mdogo wa Galilaya.

Je, Yohana aliandika hesabu hiyo ili walevi wapate kisingizio? Hasha. Mwenyewe aeleza kwamba ilikuwa ishara, iliyoudhihirisha utukufu wa Kristo. Tazameni tofauti. Hesabu ya Daudi ilikuwa ya nguvu zake mwenyewe. Hesabu ya Kana ni ya kipawa. Bwana arusi hakuweza kujisifu kwayo, kwa maana hakuipika. Mkuu wa meza hakujua ilikotoka. Waliojua ni watumishi tu, wale walioteka maji. Nayo ilitolewa ili kuficha aibu ya nyumba ile, si kuleta aibu katika nyumba. Tupime pombe zetu kwa kipimo hicho: je, zafunika aibu ya jirani, au zaifunua?

Tazameni tena meza ya Komunyo. Kabla ya kumimina divai, padre hutazama watu walioko, akakadiria idadi yao, kisha hutia katika kikombe kiasi kinachowatosha; na kinachobaki baada ya kuwekwa wakfu hakitupwi wala hakichukuliwi nje, bali hunywewa kwa heshima. Mezani pa Bwana watu huhesabiwa kwanza, na divai hupimwa baadaye. Kilabuni pombe hupimwa kwanza, kisha watu hutafutwa wa kuimaliza. Ndugu zetu, tofauti kati ya njia ya uzima na njia ya hasara imo katika maneno hayo mawili: kipi kimehesabiwa kwanza, mtu au debe?

Basi tufanyeje? Twapendekeza mambo haya kwa mwezi huu.

Yeye apikaye, na aendelee kuandika, ila kila ukurasa augawe sehemu mbili. Upande mmoja aandike madebe yaliyotoka na fedha iliyoingia. Upande wa pili aandike nafaka iliyotoka ghalani, na majina ya nyumba ambazo fedha ilitoka. Asimwonyeshe mtu. Jumamosi jioni kabla ya Komunyo aufungue mbele za Mungu, kwa maana Mtume atuagiza katika 1 Wakorintho 11:28 kila mtu ajihoji mwenyewe. Yeye anywaye na afanye vivyo hivyo, aandike kila kibuyu na kila shilingi, tena bila kuficha. Na mke akiuliza, amwonyeshe.

Nao wazee wa kanisa pamoja na chama cha akina mama wakae na kuuliza: katika parokia yetu ni akina mama wangapi wapikao pombe kwa sababu ya ada tu? Hiyo ndiyo hesabu ambayo sisi kama kanisa twapaswa kuwa nayo. Ikijulikana idadi, yaweza kujulikana njia: mfuko wa kukopeshana, ghala la pamoja la kuhifadhi mahindi mpaka bei ipande, kuku, bustani ya mboga kando ya mto. Mambo haya si makubwa. Lakini debe moja lililobaki ghalani ni debe moja ambalo halikwenda kilabuni, na mama mmoja aliyetoka kiti cha nyuma akaja mezani ni furaha mbinguni.

Siku moja sisi sote tutaulizwa. Hatutaulizwa tu kwamba tumepika, tumelima au tumeuza kiasi gani. Tutaulizwa habari za watu.

Tuombe. Ee Baba wa mbinguni, wewe unayejua idadi ya nywele zetu na ya machozi yetu, utufundishe kupima kazi ya mikono yetu kwa kweli. Utuepushe na majivuno ya wingi, na ulevi, na kupata faida kwa hasara ya jirani. Uwafungulie njia wale wasio na njia, na utuamshe sisi tuwe mkono wako kwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyeyageuza maji ya Kana kuwa divai, na anayeweza kuigeuza mioyo yetu. Amina.