Jumatatu: Dhahabu ya Ndani

Soma Kutoka 37:1, 2. Bezaleli alilifunika sanduku la agano kwa dhahabu safi, ndani na nje. Kwa nini hata ndani? Kifuniko kikishawekwa, nani angeiona? Aliyeingia Patakatifu pa Patakatifu ni kuhani mkuu peke yake, siku moja kwa mwaka, tena katika moshi wa uvumba (Walawi 16:12, 13, 34). Bezaleli mwenyewe, mtu wa kabila la Yuda, hakuruhusiwa kuingia humo aitazame kazi yake. Lakini fundi huyu aliyejazwa Roho wa Mungu (Kutoka 31:3) hakupunguza dhahabu.

Fundi umeme huunganisha nyaya, kisha ukuta hupigwa lipu. Mwenye nyumba atalala humo na watoto wake.

Katika kazi yako ya wiki hii, ni sehemu gani ambayo hakuna atakayeikagua? Umeifanyaje?