Nani Amshuhudie Kiongozi?

Kijana wa Arusha anayeomba chuo kikuu nchini hupimwa zaidi kwa matokeo ya mtihani wake. Anayeomba Marekani huulizwa na jambo jingine: nje ya darasa amemwongoza nani? Fomu ya Common Application, inayotumiwa na vyuo vingi vya huko, humruhusu kutaja shughuli zisizozidi 10, kila moja ikielezwa kwa herufi na alama 150 tu. Nyumbani, hata hivyo, amefunzwa kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, aivunje adabu aliyolelewa nayo, au anyamaze, nafasi ichukuliwe na mwenye ulimi?

Riya ni kutenda jema ili uonekane. Na swali la namna hii laweza kuwafunza vijana kuunda vyama vyenye mwenyekiti na picha, visivyo na wanachama. Lakini ukimya nao una dhambi zake. Anayeificha kazi aliyoifanya na wenzake huwaficha na wenzake.

Mlima Meru una kisa kinachofaa kutazamwa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, mtu asiyekuwa mangi. Mwaka 1952, pamoja na wakili Earle Seaton, aliyafikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili za kura. Kirilo akarejea bila ardhi, akawaeleza waliomtuma yaliyotokea.

Naye pia alisimama mbele ya wageni akasema. Kilichoyaepusha maneno yake na riya ni kwamba nyuma yake walikuwapo waliomtuma, na mbele yake ilikuwapo siku ya kutoa hesabu. Uongozi ni amana, na mwenye amana hana haki ya kuzungumza kana kwamba mali ni yake. Wala hana haki ya kuikana anapoulizwa.

Kwa kipimo hicho, msichana anayewalea wadogo zake ana la kuandika, na fomu yenyewe huyapokea majukumu ya nyumbani. Analo pia kijana anayepanga zamu za kuzibua mfereji wa maji huko miteremkoni. Waandike ni nani waliowategemea, ni lipi lililowashinda, na ni nani aliyeishika kazi baada yao. Kisha kila mmoja ajiulize iwapo angeweza kuisoma barua yake kwa sauti mbele ya wale aliowataja.

Akiweza, na aipeleke.