Msiidharau Kahawa ya Bukoba

Wiki hii niliingia mgahawa mmoja Dar es Salaam, nikauliza kahawa yao inatoka wapi. "Moshi, arabika tupu," akajibu kijana muuzaji. "Robusta hatuuzi, Mzee. Ile ni ya kuchanganyia tu." Nikanywa, nikalipa, nikatoka, lakini neno lile limenikaa rohoni hadi leo.

Mimi kahawa niliijulia Bukoba, kwa bibi mzaa mama. Mgeni akiingia, aliletewa akamwani: robusta iliyochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa na ganda lake. Unaitia mdomoni, unatafuna polepole. Uchungu unatangulia, harufu inafuata. Tunda moja lina punje mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo. Wahaya wa zamani walipochanjiana udugu, walizipaka damu zao punje hizo, kila mmoja akameza yenye damu ya mwenzake. Hayo yalikuwepo kabla wamisionari hawajapeleka arabika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19.

Najua nitaambiwa arabika ni laini mdomoni na bei yake iko juu, robusta ni chungu na kafeini yake karibu maradufu. Sibishi. Asubuhi mimi mwenyewe hunywa ya Moshi, na naipenda. Ninachokataa ni kumfanya mzazi kuwa kijakazi wa mwanawe.

Maana robusta ni mzazi hasa. Zote mbili ni za jenasi moja, Coffea, ila robusta ina kromosomu 22 na arabika 44. Sababu ni kwamba robusta ilichavushana na kahawa nyingine ya mwituni, Coffea eugenioides, na arabika ikazaliwa imebeba urithi kamili wa wote wawili. Na mtoto alipoandamwa na kutu ya majani, mzazi huyohuyo ndiye aliyemwokoa. Ruiru 11, mbegu ya arabika iliyotolewa Kenya mwaka 1985, kinga yake dhidi ya kutu asili yake ni chotara wa arabika na robusta aliyeota mwenyewe kisiwani Timor.

Mwanangu wa mgahawani, nitarudi kwako na kifurushi cha akamwani. Utatafuna kwanza, ndipo tuzungumze.