Mrashi Mwekundu

Shangazi aliushika mrashi shingoni, akawanyunyizia marashi wanawake wa safu ya kwanza, kisha akaurudisha kwenye sinia karibu na chetezo. Kidole gumba chake kilikuwa kinang'aa. Dhahabu ya maua iliyokuwa kwenye tumbo la mrashi ilikuwa imehamia kidoleni. Alinitazama, asiseme neno mbele ya watu. Yalikuwa maulidi ya nyumbani kwetu, Zanzibar, siku tatu kabla ya harusi ya binti yangu, na mrashi ule nilikuwa nimeununua mtandaoni kwa dola 180.

Nasimulia haya kwa ajili ya wenzangu wanaovitafuta vyombo vya bibi zao kwenye simu usiku, watu wakishalala.

Bibi yangu alikuwa na mrashi wa kioo chekundu, kazi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Katika karne ya 19 mafundi wa huko walitengeneza vyombo vya aina hiyo kwa ajili ya wanunuzi wa Uturuki, Uajemi na India. Bibi aliurithi kwa mama yake, ukavunjika siku tuliyohama nyumba. Niliokota kipande kimoja cha bega, upana wa kiganja cha mtoto, nikakifunga kwenye leso na kukiweka kabatini.

Tangazo nililoliona lilikuwa fupi: mrashi wa kioo, mwekundu, mtindo wa Bohemia. Picha ilinishika moyo. Nikamwandikia muuzaji usiku ule ule, nikamwambia yote: bibi, harusi, wekundu wake, maua ya dhahabu, na kwamba tulikisia ulitengenezwa miaka ya 1880. Saa moja baadaye akanijibu kwamba na wake ni wa miaka ya 1880, una maua ya dhahabu, na umetoka kwa bibi wa familia moja ya zamani. Nililia kwa furaha. Sikuona kwamba ananirudishia maneno yangu mwenyewe, na kwamba ananiuzia hadithi niliyompa bure.

Neno “mtindo” lilikuwa pale pale kwenye tangazo. Chombo cha Bohemia ni kimoja, chombo cha mtindo wa Bohemia ni kingine. Hicho cha pili kinaweza kuwa kimetoka kiwandani wiki iliyopita, na aliyeandika hivyo hajasema uongo.

Kisha muuzaji akaniambia tukimalizana nje ya soko lile la mtandaoni atanipunguzia dola 30. Nikampelekea fedha kwa wakala. Masoko makubwa ya mtandaoni huwa na utaratibu wa kumrudishia fedha mnunuzi aliyeletewa kisicholingana na maelezo, lakini ukilipa pembeni, huna pa kushtakia. Kwa dola 30 niliuacha ulinzi wangu wote.

Baada ya harusi niliubeba mrashi na leso yangu, nikaenda kwa mzee mmoja wa Mji Mkongwe anayeuza vitu vya kale.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Tuone.”

Wekundu hakuutazama, wala maua. Aliupindua mrashi juu chini, akausogeza dirishani, mwanga ukapiga kitako kwa ubavu. Kitako kizima kilikuwa na ukungu wa mikwaruzo iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja, hata katikati penye kishimo kisichogusa meza. “Hii ni msasa,” akasema. Chombo kilichoburuzwa mezani miaka mia huchakaa pale tu kinapokalia, na mikwaruzo yake hupishana kila upande, mikubwa na midogo, kwa sababu hakuna mkono wa mtu mmoja ulioifanya.

Akaomba kipande kilichokuwa kwenye leso. Akakikwaruza kwa ukucha, kikabaki vilevile. Akaukwaruza mrashi wangu karibu na shingo, wekundu ukabanduka kama rangi ya kucha, na chini yake kioo kitupu.

Hapa nikadhani nimeelewa: wa kweli ni mwekundu mpaka ndani, wa uongo umepakwa. Mzee akanisahihisha. Akanigeuzia ukingo wa kipande cha bibi, nikaona na chenyewe ni kioo kisicho na rangi, kimevikwa wekundu mwembamba kama utando. Kuna kioo kilichotiwa dhahabu kikiyeyushwa, chekundu mpaka moyoni, nacho ni ghali. Na kuna kinachopakwa rangi juu kisha kikachomwa tanuruni, njia aliyoivumbua Friedrich Egermann huko Bohemia miaka ya 1830, wekundu ukashuka bei. Zote mbili ni kazi halali za kale. Aliyesikia nusu ya habari hii anaweza kukitupa chombo cha kweli. Tofauti ya kipande cha bibi na mrashi wangu ilikuwa moto: rangi na dhahabu zilizopita tanuruni hushikamana na kioo, zisizopita humwachia shangazi alama kidoleni.

“Kipimo ulikuwa nacho kabatini,” mzee akasema, akakifunga tena kwenye leso kwa uangalifu kuliko nilivyokifunga mimi.

Binti yangu ndiye aliyeipitisha ile picha ya tangazo kwenye utafutaji wa picha. Ilikuwa ya mnada wa zamani wa nchi nyingine. Mrashi wa kwenye picha una maua matano, wangu una manne. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara mia, nisiyahesabu.

Mwezi uliopita niliona mrashi mwingine. Safari hii bibi sikumtaja, wala rangi, wala mwaka. Nilimuuliza muuzaji chombo hiki anakijuaje, nikamwomba picha za kitako, mwanga ukipiga ubavuni, na karatasi yenye tarehe ya siku ile pembeni. Amejibu kwamba aliununua pamoja na vyombo vingine vya nyumba, umri wake hawezi kuuapia, na ukingoni una ufa mdogo ambao hakuuonyesha vizuri kwenye tangazo. Ametuma picha sita. Nimezifungua zote, na kipande cha bibi kiko mezani mbele yangu.